Kabla hujanunua kichwa cha mpira, pima maji yako

Masika yalikuwa yakielekea ukingoni. Katika nyumba moja ya Tabata, jijini Dar es Salaam, maji ya paa yalikuwa yamedondoka barazani majuma mengi kupitia mfereji wa bati uliotoboka, na sakafu ya saruji ikaota utando wa kijani. Alfajiri moja mama mkwe wa mwenye nyumba, aliyekuja kutoka Morogoro kumwangalia mjukuu mchanga, alitoka na birika lake la kutawadhia. Hatua ya pili aliteleza, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono.

Mwenye nyumba, mfanyakazi wa kiwandani, alishikwa na aibu. Ni vigumu kumwita mkweo aje kulea mjukuu, kisha umrudishe kwao na plasta ngumu mkononi. Jumamosi iliyofuata, alipotoka kazini, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia Kariakoo akanunua kichwa cha mpira wa maji, kile ambacho mafundi hukiita nozeli. Juu ya boksi palichorwa gari lililojaa povu, na maji yakitoka mpirani kama mshale.

“Chukua hii, kaka,” alisema muuzaji. “Hii ni ya presha kubwa. Inang'oa hata rangi ya ukuta.”

Jumapili asubuhi, mbele ya familia nzima, kichwa kilifungwa na bomba likafunguliwa. Maji yalitoka kwa upole, kama ya mtu anayemwagilia mchicha, na utando wa kijani haukubanduka hata kidogo. Nilipofika kuwajulia hali, mwenzetu huyo alikuwa bado anakizungusha kichwa kulia na kushoto, akiamini kwamba kuna mahali hajapagusa. Jirani yake, fundi bomba wa miaka mingi, alikuwa amesimama ukumbini na kikombe cha chai.

“Mwanangu,” alisema mzee huyo, “kichwa hakina tumbo. Kinatoa kile kilicholetwa.”

Ndugu msomaji, maneno hayo ya fundi ndiyo yanayopaswa kutangulia safari ya dukani. Kichwa cha mpira hakitengenezi msukumo wa maji. Kazi yake ni kubana njia, ili msukumo ambao tayari umo bombani ugeuke kuwa mwendo wa kasi mdomoni. Mpira ulio wazi hupitisha maji mengi, na maji mengi yakipita kwa haraka husuguana na kuta za mpira hata msukumo ukaishia njiani. Ukibana mdomo, maji yanayopita hupungua, msuguano nao hupungua, na msukumo uliokuwa ukipotea hubaki ili kuyarusha yale machache yanayotoka. Hiyo ndiyo faida yote ya kichwa, na si ndogo. Lakini msukumo usiokuwamo bombani hautazaliwa mdomoni, hata boksi liandikwe nini.

Msukumo wenyewe hutoka wapi? Kwa wenye maji ya bomba la mtaa, hutoka kwenye pampu na matangi makubwa ya mamlaka ya maji, na siku njema unaweza kufika bar 2 au 3. Kwa wenye tangi la plastiki juu ya mnara uani, kama huyu ndugu wa Tabata, hutoka kwenye kimo cha tangi tu. Kila mita 10 za kimo huleta takriban bar 1. Mnara wake una mita 3, na maji ndani ya tangi, likijaa, huongeza mita 1. Jumla ni mita 4, yaani bar 0.4. Kwa kimo hicho maji hayawezi kutoka kwa kasi inayozidi mita 9 kwa sekunde, ambapo bomba lenye bar 3 lingeyarusha kwa mita 24 hivi. Mtaalamu wa Italia, Evangelista Torricelli, aliieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1644, na haijabadilika tangu hapo. Ukitaka kuihakikisha bila kalamu, elekeza mpira juu: maji yatokayo tangini hayataruka kupita usawa wa maji yaliyomo ndani ya tangi.

Zile mashine za umeme zinazotumika kuoshea magari ni jambo jingine kabisa. Mashine ndogo ya nyumbani hufikisha bar 100 na zaidi kwa sababu ina pampu yake ndani. Mtu akikuuzia bomba refu la chuma la kuchomeka kwenye mpira, akasema litafanya kazi ya mashine hiyo, anakuuzia chuma.

Basi kabla ya kutoka nyumbani, fanya vipimo viwili visivyo na gharama. Cha kwanza ni ndoo ya lita 20 na saa. Ijaze kutoka kwenye mdomo wa mpira ulio wazi. Ikijaa kwa dakika 1, una maji ya kutosha kwa karibu kichwa chochote. Ikichukua dakika 2, chagua kwa uangalifu. Ikizidi hapo, usinunue kitu mpaka umejua maji yanaishia wapi.

Kipimo cha pili ni kidole gumba, ambacho kila mtoto wa mjini amewahi kukifanya kichwa cha mpira na kuchapwa kwa kosa hilo. Bana mdomo wa mpira kwa gumba, ubakize upenyo mdogo. Ukisikia maji yanasukuma kidole kwa nguvu na kuruka mbali, msukumo upo. Kidole kikiziba bila taabu, haupo.

Vipimo hivi husema mengi vikisomwa pamoja. Ndoo ikijaa haraka kwenye bomba lenyewe lakini polepole kwenye mdomo wa mpira, mwizi ni mpira. Wengi hununua kichwa kipya ilhali wanaohitaji ni mpira mpana. Mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 20, ukipitisha lita 20 kwa dakika, hula zaidi ya bar 1 peke yake. Ule wa robo tatu ya inchi, kwa urefu na maji yale yale, hula kama sehemu moja ya saba ya hiyo. Ndoo ikichelewa hata bombani, lakini gumba likisukumwa kwa nguvu, huenda mabomba yako ni membamba au yameziba kwa kutu. Hapo kichwa chenye tundu dogo kitakusaidia sana, kwa kuwa kinahitaji maji machache. Na ndoo ikichelewa na gumba likalala, uko pamoja na ndugu wa Tabata. Ndoo yake ilichukua dakika tatu na ushei.

Mwenye tatizo hilo ana njia mbili: kuinua tangi, au kuweka pampu ndogo baada ya tangi. Pampu isiunganishwe kamwe kwenye bomba la mtaa, maana huwanyima majirani maji na huweza kufyonza uchafu kupitia nyufa za mabomba. Tena pampu isiyo na kifaa cha kujizima yenyewe huchemka na kuungua ikiachwa inazunguka huku kichwa kimefungwa.

Tukifika dukani sasa, tutakuta vichwa vya namna mbili hasa. Kimoja ni kile kifupi cha shaba ya njano kinachozungushwa, kutoka ukungu mwepesi hadi mshale mwembamba. Kingine ni cha umbo la bastola, chenye kifyatuo, na mara nyingi uso wa kuzungusha wenye matundu ya namna nyingi. Binafsi, kwa kazi ya kuosha uwanja, napenda cha shaba: kina vipande vichache, tundu moja lililo wazi, na kikiziba kwa mchanga hufunguliwa kwa mkono. Matundu madogo ya bastola huziba upesi kwa chokaa ya maji ya kisima, na huhitaji kulowekwa katika siki mara kwa mara.

Hata hivyo, kifyatuo kina sifa ambayo mwenye kununua maji ya boza hawezi kuidharau: ukikiachia, maji hukatika. Mpira unaopitisha lita 10 kwa dakika humaliza tangi la lita 1,000 kwa saa moja na dakika 40, na watoto wakiitwa kula huwa hawakumbuki kurudi kufunga bomba. Ubaya wake ni kwamba maji yenye msukumo mkubwa yakikatwa ghafla hugonga, na pigo hilo hupasua mpira dhaifu au kung'oa viungo. Kiachie taratibu. Ukimaliza kazi, funga bomba kisha bonyeza kifyatuo umwage yaliyobaki, kwa sababu mpira uliojaa na kuachwa juani huweza kupasuka, na maji yaliyomo hupata moto wa kumbabua mtoto.

Juu ya madini, usidanganywe na rangi. Vitu vingi vinavyong'aa kama shaba ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi. Muombe muuzaji akuruhusu kukwaruza kidogo ndani ya mdomo kwa msumari: shaba ni ya njano mpaka ndani, zinki huonyesha ujivu. Sumaku nayo itakufichulia chuma, ingawa haitatofautisha shaba na zinki, kwa kuwa haivuti yoyote kati ya hizo. Wenye visima vya maji ya chumvi karibu na pwani wajihadhari zaidi. Kokwa ya alumini ikifungwa juu ya kiungo cha shaba katika maji hayo huliwa na kushikana, na siku ya kuifungua utaikata kwa msumeno.

Tena kuna jambo la meno ya skrubu, linalowarudisha wengi dukani wakinung'unika. Mabomba yetu hufuata kipimo cha Kiingereza, chenye meno 14 kwa kila inchi, kwa ukubwa wa nusu inchi na wa robo tatu pia. Vichwa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vina meno 11 na nusu. Kimoja kikikutana na kingine, huingia mzunguko mmoja au miwili, kisha hukaza na kuvuja. Beba kiungo chako mfukoni, ukifunge pale pale dukani kwa vidole. Kikizunguka mara tatu bila kung'ang'ania, lipa.

Nyumbani, aina ya mtiririko ifuate kazi. Mshale mwembamba hufaa mfereji na pembe za ngazi, lakini ukiuelekeza kwenye viungo vya matofali ya uani utafukua mchanga, na matofali yataanza kucheza. Mtiririko bapa ndio wa kusukumia matope sakafuni. Nyavu za madirisha hutaka mvua nyepesi. Banda la kuku na sakafu ya choo visipigwe kwa nguvu kabisa, maana uchafu huruka na kurudi usoni mwa muoshaji. Na popote pale, fagio la chelewa litangulie. Kusukuma majani makavu kwa maji ni kuyachezea maji.

Lipo onyo moja ambalo ningeliweka mbele ya mengine yote, ingawa maduka hayalitaji. Usiache mdomo wa mpira ndani ya ndoo ya sabuni au dimbwi. Maji ya mtaa yakikatika ghafla, mabomba huvuta kinyume, na uchafu huo huingia katika bomba lile lile la maji ya kunywa. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, Dar es Salaam ilipata maji kwa mgawo. Ni katika nyakati kama hizo ambapo mabomba hutumbukiwa na uchafu. Mji uliokwisha kuona kipindupindu cha mwaka 2015 haupaswi kulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Huko Tabata, baraza lilisafishwa Jumapili ile ile. Fundi alituma mtoto alete brashi ngumu ya nyuzi, tukamwaga maji ya klorini ya kufulia juu ya utando, tukayaacha robo saa, kisha tukasugua kwa zamu. Alitukataza kuongeza dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa zikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Kichwa kipya kilitumika kusuuzia tu, na kwa kazi hiyo kilitosha. Mfereji wa bati ulizibwa siku iliyofuata, kazi iliyokuwa ikisubiri tangu Machi.

Sakafu sasa ni kavu na kwaru. Mama mkwe, hata hivyo, bado hutokea mlango wa uani.