Dawa ya figo inavyoweza kuziba jicho la mtoto

Mtoto akiamka uso umevimba na mkojo una povu, mzazi wa Kimara hana muda wa kufikiria macho. Anawahi hospitali. Figo zikionekana zinavujisha protini, mtoto huanzishiwa prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, na mara nyingi uvimbe hushuka ndani ya wiki chache. Shida ni kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na ukirudi vidonge vinaanza upya.

Vidonge hivyo hivyo, vikitumika kwa miezi au miaka, vinaweza kuleta mtoto wa jicho. Ndiyo, ugonjwa ule ule uliozoeleka kwa babu na bibi. Ukungu wake huanzia nyuma ya lenzi, katikati, mahali mwanga unapopita. Ndiyo maana mtoto anaweza kuona vizuri ndani, lakini akitoka juani anafinya macho na kujikwaa. Shuleni ataitwa mvivu wa kunakili ubaoni.

Wengine hufikia huko kwa matone. Macho yanawasha kwa mzio (na vumbi la Kimara halisaidii), mzazi ananunua dukani matone yenye deksamethasoni. Muwasho unatulia haraka, basi chupa ya pili inanunuliwa bila cheti, kisha ya tatu. Matone hayo huweza pia kupandisha presha ya jicho, na mshipa wa fahamu ukishaharibika hautengenezeki. Chupa hizo hazina utetezi.

Vidonge ni habari nyingine. Mzazi aliyeogopa upofu anaweza kuvificha kabatini, na hapo anaongeza hatari. Mwili uliozoea steroidi hupunguza kutengeneza ya kwake. Ikikatishwa ghafla mtoto anaweza kuzidiwa, achilia mbali figo kuanza tena kuvuja. Anayepunguza dozi ni daktari. Cha kumuuliza ni lini macho yatapimwa, na kama ipo dawa nyingine ya kupunguza utegemezi wa steroidi.

Mtoto wa jicho haondoki kwa matone. Akizuia kuona, lenzi hutolewa kwa upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na mara nyingi huwekwa ya bandia. CCBRT, Msasani, hufanya upasuaji huo kwa watoto. Kwa aliye chini ya miaka saba au minane, kuchelewa kunaumiza zaidi: ubongo uliozoea picha yenye ukungu hujifunza kulipuuza jicho hilo, hata baada ya lenzi mpya. Na baada ya upasuaji bado kuna miwani, hasa ya kusomea, na kliniki za mara kwa mara.