Ubaridi wa Wingu la Radi
Kila kitu hutoa miale ya joto isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi, na kadiri kitu kinavyozidi kuwa baridi ndivyo miale hiyo inavyopungua. Setilaiti huipima kutoka juu, usiku na mchana, kisha kompyuta hukokotoa nyuzi za joto. Usiku wa Aprili, bahari ya Likoni, Mombasa, huwa na nyuzi 28 hivi. Kilele cha wingu la radi juu yake chaweza kufika nyuzi 70 chini ya sifuri.

Ubaridi huo hutokana na kimo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila kilomita moja ya kwenda juu, na karibu na ikweta mawingu ya radi hupanda hadi kilomita 16 hivi. Hapo huzuiwa na tabaka la hewa tulivu, yakatandaa kama mwavuli. Hewa inayopanda kwa nguvu mno hutoboa tabaka hilo na kufanya kichuguu kidogo, baridi kuliko pande zake. Kichuguu hicho ni alama ya dhoruba kali.

Mombasa hutazamwa na Meteosat-9, ambayo tangu 2022 iko juu ya ikweta kwenye longitudo 45.5 mashariki, kimo cha kilomita 36,000, na hutuma picha kila dakika 15. Nukta moja ya picha hufunika takriban kilomita 3 kwa 3: kivuko cha Likoni na ng'ambo zake mbili huweza kumezwa na nukta hiyo moja. Lakini picha moja haitoshi. Mawingu membamba ya juu nayo ni baridi, wala hayana radi. Kinacholifichua wingu la radi ni kilele chake kupoa haraka kutoka picha moja hadi nyingine.

Manufaa ya picha hizi yameonekana Ziwa Victoria, ambako dhoruba huvuma usiku, saa zile wavuvi wa omena wamewasha taa majini. Mwaka 2016, mtafiti Wim Thiery na wenzake walitumia vichuguu vya vilele vya mawingu kuonyesha kwamba mchana dhoruba hutanda nchi kavu, usiku zikahamia ziwani. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa dhoruba za alasiri barani husaidia kutabiri za usiku.

Pwani, hata hivyo, mvua kubwa ya masika huweza kutoka kwenye mawingu mafupi yasiyo na barafu. Vilele vyake ni vya joto, na infraredi pekee hushindwa kuyatambua; hapo huhitajika rada na vipimo vya mvua vya ardhini.