Vifaa vya Kisasa vya Nyumbani: Kununua vya Kitovu au vya Wi-Fi?

Taa zinazowashwa kwa simu, kamera za langoni na kufuli za kidijitali zinazidi kuonekana katika nyumba za Malindi, Watamu na mji wa Kilifi, hasa zile za kukodisha wageni ambazo wenyewe huishi mbali. Kabla ya kununua, mkazi anafaa kujua kwamba vifaa hivi ni vya aina mbili.

Aina ya kwanza huunganishwa moja kwa moja na Wi-Fi ya nyumba. Mnunuzi hupakua programu kwenye simu, huunganisha balbu au soketi, na kazi huanza. Gharama ya mwanzo ni ndogo. Hata hivyo, kila kifaa huongeza mzigo kwenye ruta, na vingi hutegemea seva za mtengenezaji zilizo ng'ambo. Bando likiisha, huenda taa isiitikie simu ingawa umeme upo.

Aina ya pili hutumia kitovu, yaani kisanduku kidogo kinachounganishwa na ruta. Vifaa huwasiliana na kitovu hicho kwa mawimbi ya Zigbee badala ya Wi-Fi. Vile vinavyotumia umeme wa ukutani hupokezana ujumbe, jambo linalosaidia katika nyumba zenye kuta nene za matumbawe zinazozuia mawimbi. Vitovu vingi pia huendelea kuongoza taa na vihisio hata intaneti ikikatika. Upungufu ni kwamba gharama ya kuanzia iko juu, na kitovu kikiharibika, mpangilio wote husimama.

Umeme ukipotea, ruta na kitovu huzimika vyote viwili. Nyumba inayotegemea vifaa hivi kwa usalama inahitaji betri ya akiba, na kufuli iwe na ufunguo wa kawaida ambao mlinzi anaweza kuutumia.

Kwa nyumba yenye balbu mbili tatu na kamera moja, Wi-Fi inatosha. Anayepanga kuweka vifaa kumi na zaidi, au ambaye intaneti yake hukatika mara kwa mara, atanufaika na kitovu. Asiye na uhakika anaweza kutafuta nembo ya Matter, kiwango kilichozinduliwa mwaka wa 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kufanya kazi pamoja.

Wenye nyumba za kukodisha wakumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kujulishwa taarifa zake zinavyotumika. Mgeni aambiwe kamera ziko wapi, na zisiwekwe vyumbani wala bafuni.

Wakazi wote wanashauriwa kubadilisha nywila iliyokuja na kifaa siku ya kwanza, kabla hakijaanza kutumika.