Rangi za Uso Uliochoka

Mnamo tarehe 1 Agosti, 1911, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard walirejea kambini Cape Evans, Antaktiki. Kwa majuma matano walikuwa wamesafiri gizani kutafuta mayai ya pengwini, katika baridi iliyofikia nyuzi 60 za Sentigredi chini ya sifuri. Herbert Ponting akawapiga picha wakila.

Picha ile haina rangi. Mwanafunzi atakaye kuichora kwa rangi atazipata wapi? Katika elimu ya mwili. Penye baridi kali, mishipa midogo ya damu husinyaa ili joto libaki ndani ya mwili. Pua na mashavu hupauka na kufa ganzi. Mtu aingiapo penye joto, damu hurudi, na ngozi iliyodhurika huvimba na kuwa nyekundu. Usingizi ukikosekana, kope hulegea.

Basi anza na mifupa ya uso, fuatisha wekundu wa mashavu, na macho yawe ya mwisho.

Wilson mwenyewe, daktari na mchoraji, alichora nje kwa penseli, akaandika majina ya rangi, kisha akazipaka kambini. Yeye na Bowers walifariki mwaka 1912, wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Nyuso zao zastahili kuchorwa kwa ukweli.