Umebonyeza "Ruhusu". Namba ya mama imekwenda wapi?

Leo tuangalie kitu ambacho wengi wetu tunakibonyeza bila kusoma. Umeshusha programu mpya kwenye simu, iwe Facebook, Instagram au TikTok. Hujatulia, inaanza kuomba: nione namba za watu wako? Nitumie maikrofoni? Nijue ulipo? Na sisi na haraka zetu: Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Tunataka kuingia tuone nani kaweka picha gani.

Ukiwa kafe shida hii huna sana. Unalipia nusu saa, unafungua akaunti, unamaliza, unaondoka. Ile kompyuta haijui dada yako ana namba gani wala jana usiku ulilala wapi. Simu inajua yote mawili.

Mnakumbuka Machi 2018? Kashfa ya Cambridge Analytica ilipolipuka, watu wengi walishusha nakala ya kumbukumbu zao kutoka Facebook waone kampuni inajua nini. Baadhi ya wenye simu za Android wakakuta orodha ya simu walizopiga na meseji walizotuma: kwa nani, lini, na maongezi yalichukua muda gani. Maneno yenyewe hayakuwemo, lakini hebu fikiria mtu mwingine anaijua orodha hiyo. Facebook ikajibu kwamba ni hiari, wenyewe waliruhusu walipoweka Messenger au Facebook Lite. Na kubonyeza kweli walibonyeza! Ila katika Android za zamani kabisa, ukiruhusu programu isome namba zako, ilipata na orodha ya simu ulizopiga, humo humo.

Siku hizi afadhali. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 programu inaomba ruhusa moja moja, na unaweza kuinyang'anya baadaye. Mwaka 2019 Google ikabana programu zinazosoma meseji na orodha ya simu.

Lakini namba za watu bado zinaombwa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ruhusa ya kuogopa kuliko zote. Ulipo ni siri yako mwenyewe. Namba ya mtu ni yake. Mama hajawahi kufungua Facebook maishani, ila kama wewe, shangazi na jirani wote mmeruhusu, namba yake iko huko tayari, na pembeni imeandikwa "Mama". Nani alimuuliza? Waulizeni waliokopa kwenye programu za mikopo, Kenya na Tanzania: umechelewa kulipa, anapigiwa bosi, anapigiwa mkwe. Aibu tupu. Namba walizipata kwa kitufe hicho hicho, mpaka mwaka 2023 Google ikakataza programu za mikopo zilizoko Play Store kusoma namba za watu.

Basi chukua simu sasa hivi. Fungua Mipangilio, ingia Programu, chagua unayoitaka, kisha Ruhusa. Simu hazifanani, ila njia ni karibu hiyo. Namba za watu: kataa. Facebook, Instagram na TikTok zitafanya kazi kama kawaida, utakosa tu kupendekezewa watu unaowajua, na hao si unaweza kuwatafuta kwa jina? WhatsApp ndiyo ina ugumu wake, maana ukikataa utaona namba tupu badala ya majina. Hapo amua mwenyewe. Kamera na maikrofoni, chagua wakati unatumia programu tu. Mahali, zima.

Kama simu yako ni Android 12 au ya juu zaidi, angalia pia kitone cha kijani juu ya kioo. Kinawaka programu ikitumia kamera au maikrofoni. Ukikiona na wewe hurekodi wala huongei na mtu, kuna wa kuulizwa.

Kitu kimoja wengi hawakijui: kuzima ruhusa hakufuti namba zilizokwisha kupanda. Kwa Facebook, zima kwanza upakiaji wa namba kwenye simu, la sivyo zitapanda tena. Halafu ingia kwenye akaunti, tafuta sehemu ya namba ulizopakia, futa zote. Kufuta huko unaweza kukufanya hata hapo kafe kwenye kompyuta, dakika tano nyingi. Na ukimaliza utoke kwenye akaunti, kuna mwenzako anasubiri kiti.