Vifaranga Wanapokula Maranda

Maranda kutoka kwa maseremala wa Webuye ni matandiko mazuri ya banda, lakini kifaranga wa siku moja hajui chakula ni kipi; hudonoa chochote. Maranda hayasagiki. Hujaa katika mfuko wa chakula shingoni, naye akafa njaa kando ya chakula.

Wafugaji wanashauriwa kufunika maranda kwa karatasi kavu siku za kwanza na kumwaga chakula juu yake. Karatasi inayoteleza haifai, huwaharibu miguu.

Shingo ikivimba na kuwa ngumu asubuhi kabla ya kula, kifaranga atengwe, apewe maji safi. Asipinduliwe kichwa chini ili atapike: maji huingia mapafuni. Afisa wa mifugo wa wadi aitwe mapema.