Viwanja vya Kupimwa: Nani Hulipia Barabara Iliyochorwa?

Biashara ya kununua mashamba pembezoni mwa Dar es Salaam, kuyakata viwanja na kuviuza kwa malipo ya awamu imekuwa njia ambayo maelfu ya familia za kipato cha kati hupatia mahali pa kujenga, na ukubwa wake unaonekana katika takwimu za sensa kuliko katika kitabu chochote cha hesabu za kampuni. Kati ya mwaka 2012 na 2022 wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728, ilhali Mkoa wa Pwani unaopakana nao ulipanda kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Maana yake ni kwamba Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya upanuzi wa jiji, na kwamba mikorosho na minazi ya wilaya hizo inageuzwa makazi kwa kasi ambayo ofisi za ardhi hazikuandaliwa kuikabili.

Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 inazitambua halmashauri kuwa mamlaka za upangaji, kwa hiyo mwenye shamba anayetaka kuligawa hana budi kuwasilisha mchoro wa mipangomiji, yaani ramani inayoonyesha viwanja vitakavyokuwapo, matumizi ya kila kimoja, barabara zitakazovihudumia na maeneo yatakayobaki kwa umma kama vile shule, zahanati na uwanja wa wazi. Mchoro ukishapitiwa na wataalamu wa halmashauri na vikao vyake, kisha ukaidhinishwa katika ngazi ya juu, ndipo mpimaji anapoweka bikoni, yaani alama za mipaka, na kuandaa ramani ya upimaji, ambayo ndiyo msingi wa hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Kwa mnunuzi, tofauti kati ya kiwanja chenye mchoro ulioidhinishwa na kile chenye bikoni za dalali tu ndiyo tofauti kati ya mali inayoweza kuwekwa rehani benki na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa.

Ugomvi wa biashara hii unaanzia katika hesabu ndogo. Eka moja ni takriban mita za mraba 4,047, na muuzaji asiyeacha barabara hata moja anaweza kukata humo viwanja kumi vya mita za mraba 400. Akiacha sehemu tatu za kumi kwa ajili ya barabara na huduma za umma, anabaki na saba. Viwanja vitatu katika kila eka ndivyo vinavyobishaniwa kwenye meza ya ukaguzi, hata pale mazungumzo yanapoonekana kuwa ya kitaalamu juu ya upana wa njia na miinuko ya ardhi, na muuzaji aliyenunua shamba kwa bei ya juu hawezi kuviachia bila kuongeza bei ya vile vinavyobaki.

Mfanyabiashara mmoja wa viwanja katika ukanda wa Kigamboni na Mkuranga anaeleza kuwa kero yake si ukali wa masharti bali mpangilio wa kuyatoa. Kwa maelezo yake, mchoro hurudishwa mara ya kwanza kwa sababu ya upana wa barabara, na baada ya kurekebishwa hurudishwa tena kwa sababu laini ya umeme ambayo haikutajwa awali inapita kwenye kona ya shamba. Ukirekebishwa kwa mara nyingine, kikao cha kuujadili kinakuwa kimeshapita na mwombaji anasubiri kingine, huku riba ya mkopo aliolipia shamba ikiendelea kuhesabiwa. Analalamika kwamba wenzake wasiopeleka mchoro popote huanza kuuza siku wanayomaliza kufyeka, kwa bei ambayo yeye hawezi kuifikia, na kwamba baada ya miaka michache maeneo yao huingizwa katika urasimishaji, yaani zoezi la kuyapanga na kuyapima makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela, kwa mchango wa mwenye nyumba ambao kiwango chake cha juu kiliwahi kushushwa na serikali kutoka shilingi 250,000 hadi 150,000. Malalamiko haya yana upande wake, maana muuzaji hataji faida anayoipata kwa kutangaza viwanja kabla ya idhini, jambo ambalo ni la kawaida sokoni; lakini hoja ya msingi kwamba anayefuata utaratibu hugharimika kuliko anayeukwepa haijapata jibu la kuridhisha.

Maofisa wa sekta huijibu hoja hiyo kwa takwimu ambayo imerudiwa kwa miaka mingi, kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika makazi yasiyopangwa, na ofisa ardhi mmoja anaitumia kueleza kwa nini kila mchoro hauna budi kuchujwa polepole. Takwimu hiyo inastahili kupokewa kwa tahadhari. Sehemu ya makazi hayo imekwisha kurasimishwa na sehemu nyingine imepimwa bila kupata barabara iliyochorwa, hivyo haiko wazi ni nani anayeendelea kuhesabiwa ndani yake. Na hata ikikubaliwa ilivyo, haithibitishi kwamba ucheleweshaji hupunguza ujenzi holela, kwa kuwa inawezekana kabisa kwamba huuongeza.

Jambo zito zaidi, ambalo pande zote mbili hulipita haraka, ni hatima ya ardhi iliyotengwa, ikiwamo mikuza na hifadhi za barabara. Mkuza ni ukanda unaoachwa wazi kwa ajili ya miundombinu kama bomba au nyaya za umeme, ambamo ujenzi wa kudumu hauruhusiwi, na upana wake huongezeka kadiri msongo wa laini unavyopanda, kuanzia nguzo za mtaani hadi laini za kilovolti 220 na 400. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya mita 22.5 za awali, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe. Mipaka hii yote inajulikana, lakini kila mmoja unasimamiwa na taasisi yake, ukiwa na ramani yake, na ofisi ya halmashauri inayokagua mchoro mara nyingi haina ramani hizo mahali pamoja. Gharama ya kutojua ilionekana mwaka 2017, nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilipobomolewa kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro, pana kuliko zile mita 30 za kawaida, ingawa wengi wa waliozijenga walikuwa wakitambuliwa na serikali za mitaa yao na kuunganishiwa umeme na maji.

Katika viwanja vya kampuni binafsi hatari hiyo inachukua sura nyingine. Barabara ya ndani ikishaidhinishwa hubaki kuwa mstari wa karatasi, kwa kuwa muuzaji huchonga njia moja ya kupitishia wateja na halmashauri haina bajeti ya kuchonga zilizobaki, na ukanda usio na mlinzi wala lami hurudi sokoni kupitia kwa dalali au kwa mrithi wa mwenye shamba wa zamani. Hata serikali yenyewe ilikumbana na tatizo la aina hiyo katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 katika maeneo kama Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni na Bunju, ambako upimaji ulitangulia na maji, umeme na barabara vikachelewa kwa miaka.

Mifumo ya kidijiti inayounganisha kumbukumbu za upangaji, upimaji na hati inatajwa na maofisa kuwa ndiyo itakayomaliza safari za mchoro kwenda na kurudi. Huenda ikapunguza muda, hasa kama taasisi za umeme, maji na barabara zitaingiza mikuza yake humo. Bila hilo, itaharakisha idhini ya michoro yenye kasoro zile zile. Wauzaji wanatarajia bei kuendelea kupanda kando ya barabara mpya za Pwani, na wengi wao wanaendelea kuuza kwa mikataba ya awamu inayoahidi hati baada ya malipo ya mwisho, bila kutaja nani atawajibika endapo mchoro utakataliwa kabla ya malipo hayo kukamilika.